Picha ya Fimbo Moja

Rodi Kopany,
14 Machi 1996

Mdogo wangu Bochaberi,

Sisi huku hatujambo. Mama bado anauza ndizi sokoni, na kila mteja lazima aambiwe kwamba binti yake ndiye Mkenya wa kwanza kushindana kuteremka milima ya theluji na mbao miguuni. Bado anauliza breki iko wapi.

Picha yako imefika. Nyuma yake umeandika "niko salama" mara tatu, na hapo ndipo nilipokosa amani. Katika picha za zamani unashika fimbo mbili nyembamba. Katika hii umeshika moja tu, nene, imekukaa kwapani.

Kabla ya kumpa mama nimeikata, nikabakisha uso. Amefurahi kuona unavyocheka.

Mimi niambie ukweli: ni mguu gani, na bado uko?

Dada yako asiyelala,
Nyasuguta