Usilete Ng'ombe, Wewe Uliyeapa Kama Chevalier

Wewe uliyekuwa mpenzi wangu,

Shangazi yako amefika hapa Mweso na ujumbe: unataka kuleta ng'ombe kwa Papa, baba yangu, unioe. Looo! Nilitoka nje nikamwacha ameketi. Jibu ninamkabidhi yeye yule shangazi, bila kufunga bahasha. Njiani anayetaka kusoma na asome.

Unakumbuka maktaba ya parokia? Wenzetu wa sekondari walikuwa wanacheza mpira, sisi tumeinamia vitabu vya Kifaransa vilivyoliwa na panya, habari za Ulaya ya zamani, enzi za wafalme na ngome za mawe. Wewe ulipenda ma-chevalier, wale wapiganaji wa farasi. Mimi nilipenda mashairi waliyoimbiwa mabibi zao, na mpaka leo ninayapenda, hilo hutaninyang'anya. Siku moja ulipiga goti kati ya makabati ukaapa kama wao: kumlinda mjane, yatima na mnyonge. Nilicheka mpaka Padri akatufukuza. Lakini moyoni niliamini, mjinga mimi. Nikararua pindo la kitenge changu nikakufunga mkononi, kama bibi wa ngome anavyomfunga mtu wake anayekwenda vitani.

Kisha ukaenda kweli porini, kwa wenye bunduki. "Ninaenda kulinda watu yetu," uliniambia. Nikakulilia.

Juzi Mama alikuwa anatoka shambani, kule Kibabi, na kikapu cha maharagwe mgongoni. Akakuta barriere yenu, kamba iliyokatiza njia na bunduki, na wewe umekaa kwenye kiti kama mwami anayetawala. "Mama, ya barabara, weka apa," ulimwambia, ukimtoza ushuru wa njia. Mama yangu, aliyekupikia sombe miaka yote! Akakujibu, "Mutoto yangu, si wewe njo ulikuwa unakula kwetu?" Anasema uliangalia chini. Halafu ukachota maharagwe yake. Kile kitambaa changu ndicho ulichofutia vumbi mikononi. Aka!

Na hao ng'ombe umewatoa wapi, wewe usiye na hata mbuzi? Milima yote ya Masisi inawajua wenyewe mliowapora.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba vitabu vilituambia na hatukusikia. Nimerudi kuvisoma. Kwenye daraja la bwana wa ngome palikuwa na mtu wa kutoza kila apitaye. Wakulima walilima shamba la bwana kwanza ndipo walime lao, kama mnavyowalimisha watu wa Buleusa kwa fimbo, mkiita salongo, eti kazi ya jamii. Vitabuni wakulima hao wanapewa mstari mmoja, majina hawana. Sisi tuliruka ukurasa, tukakimbilia farasi.

Papa anaogopa. "Tukikatala, atatufanya nini?" aliuliza jana. Mama akasema, "Ile ng'ombe haiingie mu kiwanja yangu." Papa akaniangalia mimi.

Basi ni hapana. Nilikupenda, na kukupenda kule sasa kunanitia kinyaa. Kama utakuja na bunduki kutafuta jibu lingine, utatukuta ndani, hatukimbii. Mama atakupakulia chakula, maana ndivyo alivyo. Kula ushibe. Kisha mwangalie usoni, umwambie safari hii umekuja kuchukua nini.

Sikuachii salamu, ninakuachia aibu.

Mimi, binti wa mwanamke uliyemtoza