Warusi Wamenipatanisha na Baba

Jumamosi. Theluji imekoma, jua limetoka hapa North Buffalo, Marekani, na mimi nina furaha tele.

Kwanza niungame. Mwezi uliopita nilimwaibisha baba yangu mbele za watu. Familia mbili za kanisani zilikuwa sebuleni kwetu. Siku ya posa, upande wa kijana ulikuwa umechelewa masaa matatu kwa sababu ya ovataimu, kazi ya saa za ziada, ghalani. Upande wa binti ukafunga mlango, uchumba ukavunjika. Sasa wote walimjia baba awaamue kwa kuwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania alikuwa mushingantahe, ndivyo sisi Warundi tunavyomwita mtu anayeaminiwa kusikiliza ugomvi na kuamua. Nikasema kwa sauti kwamba hapa si kambini, wenye kesi waende kortini.

Wageni waliaga. Tangu hapo baba anarudi kutoka kiwandani Tonawanda, anakula, analala. Familia zile zikimpigia simu, anajibu kwamba yeye si mtu wa kesi tena.

Nami, binti wa chuo, nilijiona msomi.

Sasa sikia, shajara. Chuoni tumepewa insha kuhusu Urusi ya enzi za wafalme, nikakutana na mahakama za volosti, yaani za tarafa. Wakulima waliokuwa wametoka tu kwenye utumwa wa mabwana mashamba walichagua wenzao wawe mahakimu. Wengi wao hawakujua kusoma. Waliketi Jumapili, wakaamua kwa desturi zao. Wasomi wa mjini waliwacheka, wakawaita walevi, wengine wakataka mahakama hizo zifutwe. Nilipowasoma wasomi wale nilijisikia mimi mwenyewe nikiongea. Niliona haya sana.

Leo asubuhi nimemsomea baba insha nzima, kisha nimemwomba radhi. Halafu maswali yakamiminika: mahakimu walikunywa kabla ya kuamua au baada? Aliyeshindwa aliweza kukata rufaa? Nani aliandika, ikiwa wao hawakujua kusoma? Sijamwona hivi tangu tufike Marekani.

Akachukua simu, akaziita familia zote mbili zije kesho baada ya ibada. Kisha akaniuliza kama hao Warusi wangu walikuwa na mahakimu wanawake.

Nikamwambia walikuwa wanaume tu.

"Hata sisi kambini tulikuwa wanaume tu," akasema. "Kesho utaanza kwa kuwaomba radhi wale wageni. Ukimaliza, utakaa pembeni yangu tuamue pamoja."

Kitenge nimeshakipiga pasi. Radhi nitaiomba bila shida. Kinachonitoa jasho ni hicho kiti cha pembeni ya baba.