Uwanja Usio na Hata Jani

Lifuka, 3 Machi

Mwanangu Losaline,

Salamu nyingi. Sisi huku kisiwani wazima, isipokuwa magoti yangu. Pipa ulilotuma kutoka ng'ambo limefika: nepi, tambi, biskuti. Kalo, binti yako, nusu ya biskuti amekula, nusu amewapa kuku.

Kina mama wa kamati ya usafi ya kijiji watakagua viwanja vya nyumba zetu mwezi wa Mei, watoe mshindi. Mwaka jana nilifukia nepi chafu, nguruwe akafukua moja mbele ya wakaguzi. Fusi wa jirani akanicheka: "Mwenzangu, hata nguruwe wako unamvika nepi?" Mwaka huu sifukii kitu. Kila alfajiri nachoma vyote nyuma ya jiko, na mbu wanakimbia. Kalo ana kikohozi kidogo. Nampaka mafuta ya nazi.

Mama yako

Otahuhu, 22 Machi

Mama mpenzi,

Hujambo? Magoti je? Mama, nepi zile ni plastiki. Moshi wake ni sumu, na kifua cha mtoto wa miaka miwili bado kichanga. Nakuomba, zitie kwenye gunia zisubiri lori la taka. Naogopa.

Bintiyo, Losaline

Lifuka, 14 Aprili

Losaline,

Tu wazima, Mungu anasaidia. Umeshakuwa mzungu, sasa unaogopa moshi? Wewe umekulia humo humo, na bahari ukavuka na mapafu yako yote mawili. Lori halijapita tangu Krismasi, na magunia mbwa wanayararua.

Kalo anakohoa alfajiri, jua likipanda ananyamaza. Nimemhamishia chumba cha nyuma, kuna utulivu.

Mama yako

Otahuhu, 29 Aprili

Mama,

Leo sina salamu, nisamehe. Chumba cha nyuma ndicho kinachopakana na jiko. Unachomea dirishani kwake. Mtoe leo hii. Wewe huna simu, nimempigia Fusi mara nne, hapokei.

Losaline

Otahuhu, 16 Mei

Mama, ukaguzi umeshapita. Mbona kimya? Kalo yuko wapi?

Losaline

Lifuka, 20 Mei

Mwanangu,

Barua hii anakuletea mchungaji, anapanda ndege leo.

Tumekuwa wa kwanza. Wakaguzi hawakuona hata jani. Nasikia mkubwa wao alisifu hata utulivu wa nyumba. Ilikuwa tulivu kwa sababu alfajiri ya siku hiyo ya ukaguzi nilimkimbiza Kalo hospitali, midomo imegeuka buluu. Daktari akaniuliza nachoma nini. Nikamjibu, "Takataka tu." Ndipo nikakumbuka barua zako, na aibu ikanikalisha chini.

Anapumua kwa mpira puani. Nikimwinamia ananusa nguo zangu, anaanza kukohoa, kwa hiyo nakaa mlangoni.

Ijumaa ijayo wanamruhusu. Mimi nimeacha kuchoma, lakini wenzangu wameijua siri ya ushindi wangu, na sasa kila uwanja unafuka tangu alfajiri. Nimewasihi. Fusi akacheka: "Unataka kushinda peke yako?"

Njoo kabla ya Ijumaa. Usilete pipa.

Mama yako