Aitikiaye Chumbani

Kisauni, 3 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Aqil,

Assalaam aleikum. Mimi sijambo, ila magoti. U hali gani huko Nakuru? Simu zangu hupokei, ndipo nikashika kalamu.

Mwanangu, nina hofu. Jana baada ya alasiri nilijisahau, nikakuita kama zamani uje unitilie uzi sindanoni. Chumba chako kikaitika: "Abee, mama." Sauti ni yako ya utotoni. Nikafungua, mna kitanda na vumbi tu. U mzima kweli?

Mamako, Mishi

Nakuru, 20 Oktoba 2024

Shikamoo mama,

Mimi mzima, alhamdulillah. Simu sipokei kwa kuwa utaniita Aqil, nami ni Israa, mwanao wa kike. Nilikwambia.

Unamkumbuka Daktari Mansur wa Changamwe? Nilikuwa mdogo, nikiitwa naitika "abee" kama wasichana wenzangu. Akakwambia ni maradhi ya akili, usinijibu neno mpaka niseme "naam" kama wavulana. Ukamtii. Nililia "abee" chumbani humo hadi sauti ikanikauka. Pengine mtoto huyo hajachoka kuitika. Mjibu, mama.

Mwanao, Israa

Kisauni, 11 Novemba 2024

Kwa mwanangu,

Salamu nyingi. Nilimwendea Daktari Mansur kuomba dawa, nikidhani wazimu umenianza. Amezeeka. Akaja mwenyewe nyumbani. Nikaita, "Aqil!" Tukasikia sote: "Abee, mama." Akakitua chini kikombe cha kahawa.

Akasema, "Bi Mishi, huna wazimu. Wala mtoto wako hakuwa na maradhi. Ndivyo tulivyosomeshwa siku zile, na tulisomeshwa makosa. Sasa vitabu vyetu vimelifuta neno hilo." Kisha akaugeukia mlango wa chumba akauomba radhi, mtu mzima na mvi zake. Hakujibiwa.

Nilimkasirikia, wallahi. Maneno mepesi hivyo, yalikuwa wapi miaka yote?

Jana nikaita, "Israa!" Kimya. Nikaita tena, kimya. Naogopa kuliko nilipokuwa nikiitikiwa. Je, na huyu nimempoteza?

Mamako

Nakuru, 19 Novemba 2024

Shikamoo mama,

Hukumpoteza. Siku uliyoita nilikuwa nakata vitunguu, nikajikuta nimesema "abee" kwa sauti, na jikoni hamna mtu. Jirani yangu Wanjiru akauliza kutoka dirishani nazungumza na nani. Nikamwambia naitwa nyumbani.

Nakuja Ijumaa. Nikibisha hodi, niite jina langu kabla hujafungua. Ukisikia "abee" mbili, ya mlangoni na ya chumbani, usikimbie. Tufungulie sote wawili.

Bintiyo, Israa