Neno Moja la Kubakiza

Mwanangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Anua nguo mapema, mawingu yale si ya kuchezea. Nimekwenda kupima presha, ~~uliyoipandisha wewe,~~ nitarudi saa kumi.

Asubuhi nimekufokea bure kwa kulimaliza fumbo lote la gazeti. Hukujua. Marehemu baba yako alikuwa akilijaza kabla ya kwenda kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa, lakini lazima abakize neno moja, aniite: "Mama watoto, hili limenishinda." Siku moja eti alishindwa na "chombo cha kuchotea maji kisimani, herufi nne." Fundi mzima hajui ndoo! Nilimcheka wiki nzima.

Tulipomzika nikalishika fumbo peke yangu, likanitoa jasho. Ndipo nilipojua nani alikuwa akimcheka nani.

Nimenunua gazeti jingine, liko chini ya sahani yako. Nimehangaika na kamusi ya baba yako mpaka nimelijaza. Limebaki neno moja tu: "mnyama anayebweka, herufi nne."

Mwanangu, hili limenishinda.

Mama