Kijani na Buluu Ndani ya Amplifaya ya Madrasa

Jumatatu, 16 Septemba 1991

Nimerudi shule, nimevua sare, nimeingia kibandani kwa Baba. Kama kila siku. Kibanda kimeegemea ubavu wa nyumba, kina meza moja na dirisha moja, na redio za watu zimepangwa mpaka juu. Kazi yangu ni kumsomea Baba rangi za rezista, vile vidude vidogo vya kupunguza umeme. Kila rezista ina mistari midogo, na rangi zake ndizo namba zake.

"Kahawia, nyeusi, chungwa."

"Elfu kumi," Baba akasema kabla sijaanza kuhesabu.

Alianza kunifundisha hivi baada ya Ramadhani. Alisema nina kichwa, nijifunze. Sijamwambia mtu shuleni, watacheka. Lakini ndiyo saa yangu nzuri kuliko zote.

Leo amemaliza kusuka upya transfoma ya amplifaya ya madrasa, ile iliyoungua. Maulidi ya madrasa ni Jumapili.

Jumanne, 17 Septemba

Amplifaya haisemi.

Nieleze vizuri, nisije nikasahau. Ni ya zamani, ya valvu, zile chupa za kioo ambazo Baba huziita taa. Ina pande mbili, kila upande na taa zake na transfoma yake. Zamani zilikuwa amplifaya mbili ndani ya sanduku moja. Baba ndiye aliyeziunganisha zikawa kitu kimoja, ili spika moja kubwa ya honi isikike mpaka kwenye mashamba. Upande mmoja husukuma huku wa pili ukivuta, kama wapasuaji mbao wawili na msumeno mmoja.

Leo amejaribu upande wa kushoto peke yake. Unaimba. Wa kulia peke yake, ule wenye transfoma mpya. Unaimba. Akaziunganisha. Kimya. Nilipoweka sikio kwenye spika nilisikia sauti ya mbu tu.

Baba amebadilisha taa mbili. Kimya vilevile. Amekwenda kuswali bila kufunga kibanda.

Jumatano, 18 Septemba

Ustadh amepita. Ni mtu wa maneno laini, na ndiyo yanayoumiza.

"Fundi, wallahi sikuharakishi. Lakini nimewaalika watu mpaka wa Mtongwe. Ikifika Ijumaa adhuhuri haijasema, nitaivusha kwa feri niipeleke mjini, kuna kijana pale anasifiwa."

"Ijumaa itasema, inshallah," Baba akajibu. Hakuinua uso.

Amplifaya hiyo Baba ameitengeneza tangu sijazaliwa. Ikivuka feri kwenda kwa fundi mwingine, Likoni yetu nzima itajua kabla haijafika ng'ambo. Naona aibu, na bado haijatokea.

Jioni Mama alimtuma Baba dukani akamletee uzi wa kijani, anatarizi foronya. Baba akaleta wa buluu. Mama akacheka mpaka sindano ikamwanguka. "Nataka majani, bwana huyu kaniletea bahari. Mito yetu itaota samaki." Baba naye akacheka kidogo. Mimi nikacheka.

Alhamisi, 19 Septemba

Siwezi kusoma. Kesho kuna jaribio la kemia na siwezi kusoma.

Baba ana daftari kuukuu la michoro. Alipokwenda kuswali alasiri nilifungua ukurasa wa amplifaya ya madrasa. Mkono wake wa ujana, mistari imenyooka. Ameandika: kila transfoma ina waya mbili za kutolea sauti. Ya kijani iende kwenye bodi la chuma. Ya buluu iende kwenye spika. Pande zote mbili vivyo hivyo.

Nikachungulia ndani. Upande wa kushoto, kijani iko kwenye chuma. Upande wa kulia, kwenye transfoma mpya, iliyo kwenye chuma ni buluu.

Nikakaa kitini. Basi pande zote zinasukuma kwa pamoja. Wapasuaji wawili, kila mmoja anasukuma msumeno kumwelekea mwenzake. Msumeno utakwenda wapi? Ndiyo maana kila mmoja peke yake anaimba.

Mwanzo nilifurahi. Halafu nikajiuliza Baba amekosaje kuona kitu ambacho mimi nimekiona kwa dakika moja. Jibu likaja lenyewe. Uzi wa Mama.

Halafu likaja jingine, baya zaidi. Rezista. Hakuwa akinifundisha. Alikuwa hazioni.

Miezi mitano nimejiona mwanafunzi, kumbe ni miwani.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimefanya jambo na sijui kama ni jema.

Ijumaa sisi Waislamu huruhusiwa kutoka shule saa sita na nusu. Baba alikuwa ameshakwenda msikitini. Niliwaza kumngoja nimwambie. Nikajaribu maneno: Baba, umekosea rangi. Baba, macho yako. Hakuna lililotoka hata nikiwa peke yangu. Ustadh angekuja naye moja kwa moja kutoka kwenye swala.

Nikachomoa waya wa umeme. Nikangoja. Nikagusisha bisibisi kwenye kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme, kumwaga moto uliobaki, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kama Baba anavyofanya siku zote, kwa sababu umeme ukipita mkono hadi mkono hupitia moyoni. Ulitoa cheche moja. Nikapasha chuma cha kulehemu. Nikabadilisha waya mbili.

Baba na Ustadh walikuja pamoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba akawasha, akangoja taa zipate joto, akagonga maikrofoni. Kuku wa jirani walitawanyika. Ustadh akasema alhamdulillahi mara tatu.

Baba alikuwa ameinama, anaitazama amplifaya kama mtu aliyesalimiwa na asiyemjua.

Nikarudi shule. Jaribio la kemia nimeharibu.

Ijumaa, jioni

Aliniita.

"Abee, Baba."

Alikuwa amezima kila kitu, kidole chake kiko ndani ya sanduku.

"Mimi nikifunga waya huzungusha mara mbili ndipo nalehemu. Huyu amezungusha mara moja."

"Ni mimi, Baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akangoja. Nikasema ile ya buluu ilikuwa mahali pa kijani. Nikasema kwa sauti ya chini sana, lakini banda ni dogo.

"Umeniacha nisimame mbele ya Ustadh napokea shukrani ya kazi ambayo si yangu," akasema. "Nenda ndani."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Jumamosi, 21 Septemba

Hakuniita kibandani. Nimefua. Nimesoma kurasa kumi na sioni nilichosoma. Mama ameuliza nani kafa.

Nimewaza siku nzima. Nilidhani namlinda. Labda nilikuwa najilinda mimi, nisiwe mtu wa kusema lile neno.

Jumapili, 22 Septemba

Maulidi baada ya alasiri. Wanawake tulikaa upande wa nyuma ya pazia, karibu na meza ya amplifaya, kwa hiyo nilimwona Baba vizuri kwenye upenyo. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanzu nyeupe, mkono kwenye kitasa cha sauti. Watoto wakasoma. Sauti ilikuwa safi, hata mvumo haukuwepo. Mwanamke mmoja alisema ameisikia tangu kwenye minazi.

Walipomaliza, Ustadh akaja na sinia ya halua. Akamshika Baba bega mbele ya watu.

"Fundi, mkono wako haujazeeka."

Baba akameza halua kwanza.

"Mkono haujazeeka, Ustadh. Macho ndiyo yamechoka. Hii ameitengeneza binti yangu."

Watu wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Ustadh akacheka akidhani ni mzaha. Baba hakucheka, akarudia, "Ni yeye." Ustadh akatazama pazia, akasema mashallah, akaniwekea kipande kikubwa cha halua kwenye karatasi.

Sikukila. Kiko hapa mezani, mafuta yamelowesha daftari.

Jumanne, 24 Septemba

Baba ameniita kibandani. Mezani palikuwa na ule uzi wa buluu ambao Mama aliukataa. Akaniambia nifunge mafundo ya uzi huo kwenye waya zote za ndani ya redio, zile anazozishika mara kwa mara. Kijani fundo moja. Buluu mafundo mawili. Nyekundu matatu. Akawa anajaribu kwa kidole gumba, macho ameyafumba. Hakukosea hata moja.

Alhamisi Mama atampeleka hospitali kutazamwa macho. Kasema ataenda.

Halafu akachukua rezista kutoka kwenye kopo, akaniletea karibu na dirisha.

"Sioni, mwanangu," akasema. "Nisomee."

Nikasoma. Nyekundu, nyekundu, kahawia. Akangoja.

"Mia mbili na ishirini," nikasema mimi.

"Ndiyo," akasema. Akaipinda miguu, akazungusha waya mara mbili, akanipa chuma cha kulehemu.