Aliyoyasema Mama Yake Leif

Nordby, Minnesota
3 Machi

Kaka Verlyn,

Hujambo huko barabarani? Sisi hapa wazima, isipokuwa goti la Orrin, na hilo silihesabu maana linamuuma tangu tufunge ndoa. Theluji bado imefika dirishani. Najua ungependa nikupigie simu kama watu wengine, lakini Mama alitulea kwamba simu ni ya misiba, na mpaka leo ikilia moyo unanipasuka. Simu ya Leif ya Jumapili baada ya ibada ndiyo pekee nisiyoiogopa.

Na ni yeye ninayekuandikia habari zake. Kocha wake wa hoki ya barafu chuoni ametuambia kwamba mwezi wa sita, siku timu za kulipwa zitakapochagua vijana, jina lake litakuwa mezani. Mwanangu, Verlyn. Yule aliyekuwa analala na viatu vya barafu miguuni, nikawa namvua akishasinzia. Sasa wasaka vipaji wenzako wanapiga simu hapa nyumbani kutaka kuongea na wazazi. Orrin alipokea ya kwanza, akasema "ndiyo", akasema "haya", akanikabidhi mimi.

Niambie ukweli, kazi yako ni hii. Anafaa, au tunajidanganya? Usinibembeleze. Mtoto huyu hana kingine anachokitaka duniani. Nikimfikiria amekaa mbele ya televisheni kutwa nzima anasubiri jina lisiloitwa, usingizi unakata.

Vaa soksi nzito, na wasalimie wote unaokaa nao huko kwenye baridi za watu.

Mdogo wako,
Signe


Grand Forks
14 Machi

Mdogo wangu Signe,

Nimeipata barua yako hapa hotelini, nami ni mzima, ila chakula cha viwanjani kitaniua kabla ya uzee. Mwambie Orrin goti lake na tumbo langu vifunguliwe kesi pamoja.

Kwanza uelewe jambo moja. Kwenye timu yangu sina kauli juu ya Leif. Tukikaa mezani na jina lake likatajwa, mimi nasimama, natoka, nakwenda kunywa kahawa mpaka niitwe. Ndiyo desturi yetu kwa mtu mwenye damu yake kwenye orodha, na ni desturi nzuri, ingawa kahawa yenyewe ni mbaya.

Lakini kwako wewe naongea kama mjomba mwenye macho. Nilimtazama Ijumaa, nimekaa juu kabisa pembeni, pale tunapokaa wasaka vipaji wote tukijifanya hatuangaliani. Watu wanadhani tunatazama mabao. Bao hata kipofu anasikia kelele zake. Sisi tunatazama kijana anafanya nini akishanyang'anywa kisahani. Wengine wanamgeukia mwamuzi na kurusha mikono. Wengine wanainama kama wanafunga kamba za viatu. Leif alinyang'anywa kipindi cha pili, na kabla sijameza bisi zangu alikuwa ameshageuka, amemfukuza yule jamaa, amekichokoa kisahani kwa ncha ya gongo na kumpa mwenzake, ambaye alikwenda kufunga. Uwanja mzima ukamshangilia mfungaji. Mimi nilikuwa bado namtazama Leif.

Ana kasoro. Mabega bado membamba, na akipiga golini anapiga kama anayeomba ruhusa. Lakini kwa beki wa umri wake, anasoma mchezo vizuri mno. Atachaguliwa raundi ya pili au ya tatu, ndivyo ninavyoona. Lala usingizi wako.

Na wakipiga simu usihangaike. Jibu tu kama unavyojibu siku zote.

Kaka yako,
Verlyn


Nordby
6 Aprili

Kaka Verlyn,

Salamu za Pasaka kutoka kwetu sote. Tuko salama, barafu ya ziwani imeanza kulia, na Orrin ameshatoa ndoano zake kama kawaida yake ya kuwahi.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Nimelala vizuri tangu siku ile, asante.

Nimeongea na yule Mfaransa wa Montreal, Théberge, anayesaka vijana kwa timu ya kule mashariki. Mtu mstaarabu sana, ananiita Madame. Aliniuliza, "Mwanao ni mchezaji mzuri?" Nikasema si mbaya. Akauliza kama ana bidii. Nikamwambia asubuhi kumtoa kitandani ni kazi, lakini tunamvumilia. Akauliza kama naona atafika mbali. Nikasema wapo wengi wanaomzidi, yule kijana wa akina Lindgren kwa mfano, na kwamba hata Leif asipochaguliwa dunia haitasimama. Akanishukuru kwa kuwa mkweli.

Nadhani nimejibu vizuri. Sikujigamba hata chembe. Mama angefurahi kunisikia.

Orrin anakusalimu. Yaani aliinua kichwa nilipomwambia nakuandikia.

Mdogo wako,
Signe


Green Bay
29 Aprili

Mdogo wangu Signe,

Natumaini hujambo, na natumaini umekaa. Kama hujakaa, kaa.

Juzi nilikuwa kwenye mgahawa wa uwanja nasubiri soseji, Théberge akaja akakaa karibu yangu na uso wa matanga. Akaniambia, "Verlyn, pole sana. Sikujua kama mambo ya kwa dada yako ni mazito hivyo." Nikamuuliza mazito yapi. Akasema, "Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kumsikia mama anayemkataa mwanawe waziwazi. Mvivu, wenzake wanamzidi, na asipochaguliwa sawa tu. Kama mama mwenyewe hamwamini, sisi ni nani?"

Signe, mimi na wewe tunajua maana ya "si mbaya". Hapa kwetu mtu akisema mahubiri hayakuwa mabaya, ujue kanisa zima lililia. Baba alimwambia Mama chakula chake kinalika, na walipendana mpaka kufa. Lakini huyu ni mtu wa Montreal. Kwao ukimuuliza mama habari za mwanawe, anaanzia kwenye uchungu wa kuzaa na unaondoka kwake kesho yake. Mtu huyo amekusikia neno kwa neno na amekuamini neno kwa neno.

Nilijaribu kumweleza. Akanipigapiga mgongoni, akasema, "Mjomba, mjomba." Ndiyo shida yangu. Kila nikifungua mdomo ni mjomba anayeongea. Na ameshawasimulia wenzake, maana sisi tukishakaa kwenye soseji hatuna siri. Nimesikia kijana ameanza kushushwa. Mmoja anasema raundi ya sita, mwingine anasema aachwe kabisa.

Mimi ndiye niliyekwambia ujibu kama siku zote, kwa hiyo nipige kofi tukionana. Lakini kwa sasa chukua simu, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, umpigie umsifie mwanao. Kwa maneno ya wazi. Hutakufa.

Kaka yako,
Verlyn


Nordby
12 Mei

Kaka Verlyn,

Za huko? Sisi tunaendelea. Mimi siendelei vizuri.

Nilijaribu. Asubuhi yote nilikuwa jikoni namenya viazi huku nafanya mazoezi kwa sauti: Mwanangu ni hodari. Mwanangu ana moyo. Orrin akapita, akaniangalia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nikapiga. Théberge akapokea kwa upole wake uleule, "Madame, nakusikiliza." Nikasema nilitaka kuongeza kitu kuhusu Leif. Akasema endelea. Nikasema, "Leif ni..." Akasema, "Ndiyo, ni nini?" Neno lilikuwa hapa kooni, Verlyn, nilikuwa naligusa kabisa. Nikasema, "Anakula vizuri." Nikakata simu.

Cheka, najua unacheka. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikalia.

Sikiliza, sasa si uteuzi tena ninaouogopa. Mwanzoni mwa Juni Leif anakwenda Buffalo kupimwa na vijana wenzake. Kocha anasema timu zitawaweka chumbani mmoja mmoja na kuwauliza maswali ya kuwachokonoa. Watamuuliza hilo. Atakaa kwenye kiti mbele ya watu asiowajua, waliovaa suti, aambiwe mama yako anasema wewe ni mvivu na wenzako wanakuzidi. Na nikijiuliza ni lini nimemwambia kinyume chake, sikumbuki hata siku moja. Nimempikia, nimemfulia, nimemwendesha kwenye dhoruba usiku na mchana kwenda mazoezini. Kumwambia, sijamwambia.

Nimwonye kabla hajaenda? Nikianza nitasema nini? Naona aibu kumwangalia mwanangu. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Signe


Nordby
15 Juni

Kaka,

Natumaini u mzima, maana hujajibu. Labda barua zinakufukuza huko unakohamahama.

Leif alikwenda Buffalo. Sikumwonya. Nilimfungia mikate ya njiani nikamwambia aendeshe polepole. Vipimo vimekwisha, vijana wamerudi, yule wa Lindgren nimemwona kwa macho yangu dukani. Leif amekwenda moja kwa moja chuoni na hajapiga simu. Jumapili iliyopita hakupiga, na jana hakupiga. Tangu aondoke nyumbani hajawahi kuruka Jumapili. Nikimpigia mimi, haipatikani.

Orrin anasema atapiga. Lakini jana baada ya ibada alikaa karibu na simu na kofia yake kichwani mpaka chakula kikapoa.

Wamemwambia, Verlyn. Najua wamemwambia.

Signe, mdogo wako


Chicago
19 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Pumua. Leif ni mzima, hana kinyongo, na barua hii naituma kwa posta ya haraka ili ikufikie kabla hujaugua.

Barua zako mbili zimenifikia leo kwa pamoja, zilikuwa zinanifuata nyuma hoteli kwa hoteli. Nisamehe. Nimempigia kocha wake papo hapo, akampa Leif simu yake. Unajua kwa nini hakupiga? Aliisahau simu yake kwenye hoteli ya Buffalo. Nikamwuliza mbona hukuazima ya mtu. Akasema hakutaka kumsumbua mtu. Wenzake wote pale wana simu, Signe, hata mfagiaji ana simu, lakini mwanao hakutaka kusumbua. Nikamwuliza amekulea nani, nikakumbuka jibu ninalo.

Sasa la chumbani. Nimelipata kwa Théberge mwenyewe, aliyekuwa mmoja wa wahoji. Anasema walimuuliza hivyohivyo ulivyoogopa. Mkubwa wao akamwambia, "Mama yako anasema wewe si mbaya." Leif akainuka kwenye kiti. Akauliza, "Mama amesema hivyo? Kwa mtu wa nje?" Wakasema ndiyo. Akauliza tena kama wana hakika ni mama yake, Signe wa Nordby. Halafu akawaomba, kwa adabu zote, wamwandikie kwenye karatasi na tarehe yake, ampelekee dada yake Kari, maana Kari alimaliza wa kwanza darasani na aliambulia "sawa" tu.

Wale wakubwa wakaangaliana. Mmoja akamuuliza vipi kuhusu uvivu. Akasema, "Asubuhi ni kweli. Mama hasemi uongo." Wakamuuliza na huyo Lindgren? Akasema Lindgren anampita kwa mbio za mbele, lakini kwa kurudi nyuma Lindgren hawezi kumshika yeye. Théberge anasema hapo chumba kizima kilicheka, na mkubwa wao akafunga faili akasema ameuliza vya kutosha. Théberge alipomaliza kunisimulia akaniuliza, "Kwa hiyo yule mama alikuwa anamsifu?" Nikamwambia, ndugu yangu, alimsifu mpaka akavuka mipaka.

Juu ya uteuzi siahidi kitu, maana siku ile hata sisi wenyewe hatujui mezani kutatokea nini. Lakini lile uliloliogopa kati yako na mwanao halikuwapo. Alikuelewa neno kwa neno, tangu utotoni. Nenda ukale.

Kaka yako,
Verlyn


Nordby
1 Julai

Kaka Verlyn,

Tumshukuru Mungu, sote tu wazima, na mimi nimelala usiku tatu mfululizo kama mtoto mchanga.

Ulikuwa mezani huko, huenda wakati ule ulikuwa nje na kahawa yako, basi nikusimulie kwa upande wetu. Ijumaa ilipita na raundi yake ya kwanza, hatukutegemea kitu. Jumamosi tukakaa mbele ya televisheni pamoja na majirani, Leif naye amerudi nyumbani. Raundi ya pili ikaisha, Lindgren akaitwa, Leif akampigia makofi kweli kweli, nami nikashika meza. Walipofika ya tatu nikashindwa, nikaenda jikoni kuosha vyombo visafi. Nikasikia Kari anapiga kelele. Timu ya Théberge. Wamemtaja jina lote, na Nordby wakaitaja vibaya. Orrin alisimama, akamshika Leif kichwani, akatoka nje kukata nyasi alizozikata jana yake. Alizikata mpaka giza likaingia.

Watu walipoondoka, Leif alikuja jikoni kunisaidia kufuta sahani. Nikaona ni sasa au basi. Sikumwangalia, niliangalia maji. Nikamwambia, "Leif, wewe ni mchezaji mzuri sana. Na ni mtu mzuri kuliko mchezaji. Najivunia wewe, nimejivunia tangu siku ya kwanza." Lilitoka lote, Verlyn, bila kukwama.

Akaweka sahani chini, akanigeuza mabega, uso wake mweupe kama taulo alilolishika. Akasema, "Mama, daktari amekwambia una nini?"

Nikamwambia sina kitu. Akaniambia nisimfiche, yeye si mtoto tena. Akamwita Kari, Kari naye akaanza kulia, Orrin akaingia na nyasi viatuni akiuliza ni nani amekufa. Nikawaapia wote mimi ni mzima. Hakuna aliyeniamini. Imebidi Jumatatu asubuhi Leif anipeleke kliniki, tena aliamka mwenyewe, nikapimwa presha na damu yeye akiwa amesimama pale pale, daktari akamwambia kwa mdomo wake kwamba mama yako hana ugonjwa wowote.

Tukaanza safari ya kurudi. Karibu na nyumbani akazima gari pembeni, akanishika mkono, akasema, "Basi ulikuwa unasema kweli."

Mdogo wako,
Signe